Ile Nyoka ya Shaba

Masomo ya wiki: Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:1-4

Wapendwa katika Bwana,

Hezekia, mfalme wa Yuda, alitawazwa akiwa na miaka 25. Alibomoa nguzo za ibada ya sanamu, akakata Ashera, sanamu ya mungu wa kike, kisha akakifikia kitu ambacho hakuna aliyetegemea kingeguswa: nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa. Hii haikutoka kwa mataifa. Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza itengenezwe, watu walipokuwa wakiumwa na nyoka jangwani, na kila aliyeitazama aliishi. Ila hakuna mahali walipoagizwa waitunze. Wakaitunza, na zaidi ya miaka 500 baadaye wana wa Israeli walikuwa bado wanaifukizia uvumba. Hezekia akaivunja vipande vipande, nayo ikaitwa Nehushtani, jina linalotoa mwangwi wa neno la Kiebrania la shaba.

Likitajwa neno ushirikina, mawazo yetu hukimbilia hirizi na ramli, na wengi wetu tunajiona tumeshavuka. Wiki hii tutazame vilivyo vidogo zaidi. Kalamu uliyofaulia mtihani, ambayo sasa huthubutu kuingia chumba cha mtihani bila hiyo. Shati la usaili. Kujikwaa mlangoni ukasema safari ina nuksi. Kuficha habari njema, si kwa hekima, bali kwa kuhofia kwamba ukiitamka itaharibika.

Viko pia vile vyenye harufu ya kanisa, na hivi ndivyo vigumu kuvitambua. Ujumbe wa simu unaosema utume kwa watu 10 kabla ya usiku wa manane, nawe ukautuma ingawa huuamini, ili tu kujiweka salama. Biblia iliyo chini ya mto mwezi mzima bila kufunguliwa. Sala ambayo ulimi ukiteleza kidogo lazima uanze upya, kana kwamba Baba anasikia maneno yaliyopangwa sawasawa tu.

La kufumba macho, kufungua Biblia popote na kuweka kidole, tulitazame kwa karibu. Chukua Biblia yako uisimamishe mezani kwa mgongo wake, kisha uiachie ifunguke yenyewe. Rudia mara 5. Biblia iliyotumika sana huelekea kufunguka pale pale, kwa sababu gundi na uzi wa mgongo vimelegea mahali ulipozoea kusoma. Na ukiigawa katikati kwa mikono miwili, mara nyingi utaangukia Zaburi au jirani zake, kwa kuwa ndizo zilizokaa katikati ya kitabu. Kwa hiyo ule "ujumbe wa leo" huenda umechaguliwa na jalada. Neno ni la Mungu, hilo halina shaka. Njia ya kulipata ndiyo iliyogeuzwa ramli. Ukikutana na mstari kwa namna hiyo, rudi mwanzo wa sura uusome mpaka mwisho, na ujiulize ni nani anayesema, anamwambia nani.

Mazoea haya hujengekaje? Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza jaribio lake la njiwa 8 wenye njaa. Chakula kiliwajia kila baada ya muda uliopangwa, hata wafanye nini. Njiwa 6 walianza vitendo vya ajabu: mmoja alizunguka kizimbani, mwingine akawa anasukuma kichwa kwenye kona ya juu. Kwa maelezo ya Skinner, kila mmoja alishikilia tendo alilokuwa akilifanya pale chakula kilipotokea. Nasi hatuko mbali nao. Siku shati lilipovaliwa na mambo yakanyooka, tunaikumbuka. Siku lilipovaliwa na mambo yakaharibika, tunatafuta sababu nyingine.

Soma pia 1 Samweli 4. Israeli walipoteza watu wapatao 4,000 vitani na Wafilisti. Wazee wakauliza swali zuri kabisa, mbona Bwana ametupiga leo? Hawakungoja jibu. Wakaagiza sanduku la agano liletwe kutoka Shilo, na katika vita vilivyofuata wakaanguka askari 30,000, na sanduku lenyewe likatekwa. Kitu kilikuwa kitakatifu kweli. Walikitumia ili wasilazimike kumsikiliza mwenye sanduku.

Si kila mazoea ni tatizo. Kukagua kitasa mara moja kabla ya kulala ni busara. Swali la kupima ni hili: nikiacha leo, naogopa nini? Kama jibu ni "mwizi", endelea kukagua. Kama jibu ni "mkosi", hapo pana uvumba unaofukizwa.

Zoezi la wiki hii ni la siku 6. Jumatatu andika kwenye karatasi vitendo vyako vyote vya namna hii, na mbele ya kila kimoja hofu inayokishikilia. Chagua kimoja, kile chepesi kuliko vyote. Wanaoanza na kizito hukata tamaa kabla ya Jumatano. Kuanzia Jumanne usikifanye. Hofu itapanda, kisha itashuka yenyewe usipoitii. Ukiitii, utapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo ndiyo inayoilisha ili kesho irudi na nguvu. Kila jioni andika yaliyotokea, mema na mabaya pia, maana kumbukumbu peke yake huchagua.

Angalieni mahali tunapokwama. Mtu huacha kugusa mlango mara tatu, akaanza kuhesabu tatu moyoni. Mwingine huacha kalamu, akaweka sala fupi mahali pake, na kila hofu ikija anaitamka haraka mpaka sala nayo inakuwa hirizi. Omba asubuhi, kwa utulivu, umkabidhi Bwana siku nzima. Hofu ikija saa nne, iache ipite.

Neno kwa ndugu ambaye vitendo hivi vinamla zaidi ya saa nzima kila siku, anayenawa mpaka ngozi inachubuka au kurudi mlangoni mara 20: huo si upungufu wa imani yako, na zoezi hili usilifanye peke yako. Upo ugonjwa wa namna hiyo na una tiba. Nenda kwa daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia. Viongozi wa vikundi, tafadhali msimwongezee mfungo.

Jumapili njoo na karatasi yako. Kile ulichokiacha wiki nzima kiite kwa jina lake, kama ilivyoitwa ile shaba: kalamu, shati, namba. Kalamu irudi koponi pamoja na zile nyingine, atakayeihitaji aichukue, na wino ukiisha itupwe.