Matete ya Ukingoni

Kwa muda sasa nimekuwa nikitafakari suala la matete. Wengi wanaojenga kando ya ziwa huanza kwa kuyang'oa ili wayaone maji vizuri wakiwa barazani, kisha hupanda nyasi fupi na kuzitia mbolea hadi ukingoni kabisa. Wenyewe huuita usafi. Mimi naona huo ndio mwanzo wa uchafu, kwani mvua ikinyesha hapabaki kitu cha kuyapunguza kasi maji yanayoteremka na udongo, mbolea na yale yanayovuja kutoka kwenye shimo la choo lililojaa bila kunyonywa.

Kiini cha tatizo ni fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na maji ya chooni. Mwaka 1973 watafiti nchini Kanada, akiwamo David Schindler, waligawa ziwa dogo lililo katika jimbo la Ontario kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili wakatia kaboni na naitrojeni, lakini fosforasi wakaitia upande mmoja tu, na ni huo uliogeuka kijani kwa mwani. Mwani ukifa huzama, na bakteria wanaouozesha huimaliza oksijeni ya kilindini hadi samaki wakakosa pumzi. Baya zaidi, matope yaliyokosa oksijeni huiachilia fosforasi iliyokuwa imejificha humo, hivyo ziwa huendelea kujirutubisha lenyewe hata baada ya wakazi kujirekebisha. Ndiyo maana siafiki kauli kwamba tujenge kwanza, ziwa litasafishwa baadaye.

Wenye boti nao wana sehemu yao. Anayepita kwa kasi kwenye maji ya kina kifupi huyatibua matope hayohayo kwa rafadha (pangaboi la boti), na mawimbi yake huumega ukingo usio na mizizi ya kuushikilia. Juzi niliinama kuitazama boti iliyokuwa imetoka kuvutwa nchi kavu: gugu lilikuwa limejisokota kwenye mhimili wa rafadha, bichi kabisa, na mwenyewe alikuwa tayari anafunga kamba za trela. Magugu mengi ya majini huchipua upya kutokana na kipande tu, na viluwiluwi vya kome wavamizi, visivyoonekana kwa macho, husafiri katika maji yanayobaki kwenye ngama, yaani sakafuni mwa boti.

Kwa hiyo boti husafishwa, humwagwa maji yake yote palepale ilipotolewa, kisha huachwa ikauke, angalau siku 5 kwa ushauri uliozoeleka. Kukauka ndiko kunakowashinda watu, kwa kuwa kunadai subira. Mwenye haraka ya kuhamia ziwa jingine anaweza kuiosha kwa maji ya moto ya nyuzi 60 za Selsiasi, ingawa mabomba ya ndani ya injini hayafikiki kwa urahisi. Kwa maoni yangu, boti kama hiyo ni afadhali ibaki juu ya trela.