Shilingi 850 kwa viazi karai visivyo na ukwaju

Mdogo wangu, mtoto wa khalati, yaani dada wa mama, amepata kazi ya kudumu Upper Hill, na furaha yake ya kwanza ilikuwa kuniita Nairobi. Akaniwekea sharti: nyumbani kwake hatuwashi jiko. Tutazunguka mikahawani na kuagiza vya kuanzia tu, sahani ndogo ndogo, ili tuonje vingi kabla tumbo halijajaa. Nilikubali papo hapo. Mimi hukaanga viazi karai na bajia Kisauni, Mombasa, kila alasiri, na mtu wa karai hutaka kujua wenziwe wanakaangaje.

Habari za treni naziruka. Daraja la kawaida nililipa shilingi 1,500, kiti kimesimama wima, na magoti yanagusana na ya mtu usiyemjua hadi Syokimau. Baridi ya Julai nayo naiacha, ingawa ilinifanya nile kuliko kawaida yangu.

Uchungu niliupatia Westlands. Mkahawa uko ghorofani, taa hafifu, muziki juu mpaka mhudumu anakuinamia sikioni ndipo msikizane. Kwenye menyu, juu kabisa, viazi karai vya Pwani, vipande sita, shilingi 850. Mdogo wangu alitaka mabawa ya kuku. Nikamwambia leo tunakula kazi yangu.

Vikaja juu ya kibao cha mbao. Rangi ilipendeza na mafuta yalikuwa yamechujwa vizuri, hilo siwanyimi. Nikauma. Unga una chumvi, kiazi hakina kitu. Kiazi karai hutiwa chumvi na manjano tangu kikiwa kwenye maji ya kuchemshia, halafu ndipo kinapochovywa kwenye unga, ladha ikafika hadi moyoni. Hiki kilikuwa kimechemshwa kama cha mgonjwa. Na pembeni, mahali pa ukwaju, wameweka kibakuli cha mayonezi.

Nikamwita kijana. "Kaka, ukwaju uko wapi?"

"Sosi yake ndiyo hiyo, madam."

"Mimi natoka Mombasa. Hivi haviliwi na hii."

Akatazama nyuma, akainama zaidi, na lafudhi ikageuka palepale. "Dada, hata mimi kwetu Likoni. Ukwaju ulikuwapo. Wateja wawili watatu wakasema ni mkali, ukaondolewa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilisema, dada. Nikaambiwa kazi yangu ni kupeleka sahani mezani."

Akaenda zake, nikadhani ndiyo basi. Baada ya muda akarudi na ndimu iliyokatwa na pilipili mbichi iliyopondwa kwa chumvi, kwenye kisahani cha kikombe cha chai. Hakuiandika kwenye bili. Tulivimaliza viazi vile kwa ndimu yake, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea apate bosi anayesikiliza.

Bili ilikuja na 10% ya huduma juu yake, mbali na VAT ya 16% na ushuru wa utalii wa 2% vilivyokuwa tayari ndani ya bei. Kijana nikampa yake mkononi. Kwangu kiazi ni shilingi 10, kwa hiyo 850 ni viazi 85, karamu ya mtaa. Kodi ya pango Westlands ni kubwa, naelewa, na gesi, na mishahara. Ninachokataa ni kutozwa pesa zote hizo kisha ninyimwe kitu cha bei rahisi kuliko vyote sahanini. Mikwaju imejaa Ukambani, Kitui na Makueni, mlangoni mwa Nairobi. Unaloweka, unakanda, unachuja kokwa, unachemsha na sukari, chumvi na pilipili mpaka unashika kijiko. Kazi ya nusu saa, na sosi inakaa wiki nzima kwenye friji.

Parklands walinituliza roho. Kwa Wahindi, bajia ya viazi ni kipande chembamba kilichopakwa unga wa dengu na dania ya kukatakata, kinavunjika mdomoni, na kinakuja na chatini mbichi ya nyanya na karoti. Hata hivyo kilichonishinda ni muhogo wao, wenyewe wanauita mogo, uliokaangwa ukapasuka pembeni, ukamwagiwa ndimu na pilipili ya unga. Sisi tunaojiita wenye muhogo hatujawahi kuupasua vile, na nimeshaanza kuujaribu. Ila wale vijana wa kuvuta wateja waache kumwekea mtu menyu usoni kabla hajakaa.

Kilimani tulikula sambusa za Kihabeshi, ndani dengu na pilipili mbichi. Nzuri, chache, ghali. Mutura wa kando ya barabara, utumbo uliojazwa nyama ukachomwa, unanukia vizuri jioni, lakini una damu, kwangu haupiti.

Halafu Eastleigh, kwa Wasomali. Tumeagiza wali na mbuzi, na kabla hatujanawa mikono mhudumu kaweka mezani bakuli mbili za supu, ndizi mbivu, ndimu na pilipili ya kijani. Mdogo wangu akauliza bei ya supu. Mhudumu akamtazama kama hakumsikia, akaenda meza nyingine. Supu ilikuwa nyepesi, mafuta yanaelea kidogo, bizari ya pilau inasikika kwa mbali, moto wa kutosha kunitoa baridi mabegani. Hakuna tulichokila Nairobi kilichofanya kazi ya kufungua tumbo vizuri kuliko ile, nayo hatukuilipia hata shilingi.

Ndivyo tulivyolelewa hata sisi. Magharibi ikiadhiniwa wakati wa Ramadhani, tende na maji kwanza, kisha uji, kaimati, sambusa, na anayepita mlangoni anaitwa. Nyumbani kwa khalati sahani ya kwanza ilikuwa ya mgeni. Nilimwambia mdogo wangu hayo tukiwa bado mezani, naye akasema mwezi ujao akialika wenzake wa ofisini atapika mwenyewe. Kesho yake tulikwenda sokoni Muthurwa, tukanunua kilo ya ukwaju, nikamfundisha kuupika.