Jinsi Nilivyopanga Vitufe vya Programu Kwenye Kidhibiti Faili cha Saiba Yangu

Katika saiba yangu, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu, muda mwingi hauishii kwenye kuandika wala kuchapisha, bali kwenye kuitoa faili programu moja na kuiingiza nyingine. Mteja huja na picha ya cheti kwenye simu, tukaishusha kwenye kompyuta, tukaipunguza ukubwa, tukaipakia kwenye akaunti yake ya eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) au ya HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi), kisha tukamwekea nakala kwenye flashi. Kwa kila hatua ilibidi kufungua programu kutoka kwenye menyu ya Windows, halafu ndani ya programu hiyo kuitafuta upya folda ambayo muda wote ilikuwa wazi mbele ya macho yetu. Kutafuta huko kwa mara ya pili ndiko nilikotaka kukuondoa kabisa, na hatimaye nilikuondoa kwa kuupanga upya upau wa vitufe ulio juu ya kidhibiti faili, yaani programu ya kutazama na kupanga folda na faili.

Nilianza kwa kukiangalia kidhibiti faili kinachokuja na Windows yenyewe, na sikupata nilichotaka. Ule upau mdogo wa juu wa Windows 10 hukubali amri zake wenyewe, kama vile kufuta, kubadili jina au kuona sifa za faili, lakini haukubali programu ya nje. Katika Windows 11 mtumiaji hapewi nafasi ya kuongeza kitufe chochote kwenye upau wa amri. Iliyobaki ni folda ya njia za mkato inayofunguka ukiandika shell:sendto kwenye kisanduku cha Run. Ukiweka humo njia ya mkato ya programu, jina lake hutokea kila unapobofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Send to, na faili hiyo hukabidhiwa programu moja kwa moja. Kwa anayetumia kompyuta ya ofisi isiyoruhusu programu mpya, hiyo ndiyo njia ningempendekezea kwanza, maana haigharimu chochote. Upungufu wake ni kwamba inaijua faili uliyochagua tu. Haijui unataka matokeo yaende wapi.

Kwa sababu hiyo nilichagua Total Commander, programu ya Christian Ghisler wa Uswisi, ambayo ilitoka mwaka 1993 kwa jina la Windows Commander na kubadilishwa jina mwaka 2002. Umbo lake la vidirisha viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu ni urithi wa Norton Commander ya mwaka 1986, enzi za DOS, na vijana wanaoiona kwa mara ya kwanza husema imezeeka. Waseme wapendavyo; vidirisha viwili ndivyo vinavyonifaa, kwa kuwa cha kushoto huonyesha folda ya mteja na cha kulia huonyesha mahali kazi inapokwenda, na kitufe cha upau kinaweza kuambiwa habari za pande zote mbili. Programu hii si ya bure: una mwezi mmoja wa kuijaribu, kisha unatakiwa kununua leseni, na hadi utakapoinunua itakudai ubonyeze moja kati ya namba tatu kila inapofunguka. Mimi niliinunua. Asiyetaka kulipa anaweza kutumia Double Commander, ambayo ni ya bure na ina upau wa namna hiyo hiyo, ingawa baadhi ya alama zake ni tofauti na hizi nitakazozieleza.

Kuweka kitufe chenyewe si kazi. Unakwenda kwenye folda ilimo programu, unaikamata faili yake inayoishia na exe, unaiburuta hadi sehemu tupu ya upau na kuiachilia hapo. Aikoni yake inatokea papo hapo. Ukiburuta folda badala ya programu, unapata kitufe kinachokupeleka kwenye folda hiyo, kwa sababu ndani yake kimeandikwa neno cd likifuatwa na anwani ya folda. Nilivyo navyo vya aina hii ni viwili tu, kimoja cha folda kuu ya wateja na kingine cha folda ambayo skana huhifadhi kazi zake, na hivyo ndivyo vinavyobofywa kuliko vyote.

Wengi niliowaona wakitumia upau huu huishia hapo, na kwa maoni yangu hawajafaidi kitu kikubwa, kwani kitufe kinachofungua programu ikiwa tupu kina tofauti gani na aikoni iliyo kwenye eneokazi? Faida yenyewe imo katika uga wa vigezo, yaani maelekezo ambayo programu hupewa inapofunguliwa. Ukibofya kitufe kwa upande wa kulia wa kipanya na kuchagua Change, hufunguka dirisha lenye uga wa amri, uga wa vigezo, uga wa folda ya kuanzia, mahali pa kuchagua aikoni na mahali pa kuandika maelezo yatakayoonekana kipanya kikipita juu ya kitufe. Katika uga wa vigezo unaandika alama chache ambazo Total Commander huzibadilisha kuwa majina halisi wakati kitufe kinapobofywa. %P ni anwani ya folda iliyo kwenye kidirisha unachofanyia kazi, pamoja na mkwaju wa nyuma (\) mwishoni mwake. %N ni jina la faili iliyo chini ya kishale, yaani ile uliyosimama juu yake kwenye orodha. %O ni jina hilo bila kiendelezi chake, yaani zile herufi za mwisho kama .jpg. %T ni anwani ya folda iliyo kwenye kidirisha cha pili. Na %S ni majina ya faili zote ulizozitia alama, ambayo yakiwa na nafasi ndani yake huzungushiwa alama za kunukuu yenyewe. Ziko nyingine, lakini hizo tano zimenitosha kwa karibu kila kitu.

Kitufe cha kwanza nilichokitengeneza kwa alama hizo ni cha kupunguza picha. Simu za siku hizi hutoa picha kubwa mno, na tovuti nyingi za maombi huweka kikomo cha ukubwa wa faili inayopakiwa. Natumia IrfanView, programu ya picha ambayo ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani lakini humtaka mwenye biashara alipe, na saiba ni biashara. Katika uga wa amri kuna anwani ya IrfanView, na katika uga wa vigezo niliandika hivi:

"%P%N" /resize_long=1000 /aspectratio /resample /jpgq=75 /convert="%T%O.jpg"

Maana yake ni kwamba picha iliyo chini ya kishale inachukuliwa, upande wake mrefu unafanywa kuwa pikseli 1000 bila kuupotosha uwiano wa picha, ubora wa JPG unashushwa hadi 75, na nakala mpya inawekwa kwenye folda ya kidirisha cha pili ikiwa na jina lile lile. Picha ya asili haiguswi, mradi vidirisha viwili visiwe vimefungua folda moja, na kwa hilo nimemzoesha kijana anayenisaidia kuangalia upande wa kulia kabla ya kubofya. Dirisha la IrfanView halionekani kabisa.

Kitufe cha pili, ambacho ndicho kilichonipa shughuli zaidi, ni cha kugeuza nyaraka za Word kuwa PDF. Hapa natumia LibreOffice, programu ya nyaraka ambayo inaweza kuifanya kazi hii bila kufungua dirisha lake. Amri ni faili ya soffice.exe iliyo kwenye folda ya LibreOffice, na vigezo ni hivi:

--headless --convert-to pdf --outdir "%T." %P%S

Msomaji makini atauliza ile nukta iliyo baada ya %T ni ya nini. Nimetangulia kusema kwamba anwani hizi huja na mkwaju wa nyuma mwishoni. Programu nyingi za Windows zikikuta mkwaju wa nyuma umefuatwa mara moja na alama ya kunukuu, huichukulia alama hiyo kuwa sehemu ya anwani badala ya mwisho wake, na kila kinachofuata, yaani majina ya faili, humezwa ndani ya anwani ya folda. Nukta hutenganisha mkwaju na alama ya kunukuu, na kwa kuwa katika Windows nukta humaanisha folda ile ile uliyomo, anwani haibadiliki. Ungeweza kuziacha alama za kunukuu kabisa, lakini wateja huzipa folda zao majina marefu yenye nafasi kama vile «Barua za Chuo 2», na hapo amri ingekatika katikati. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba dirisha lolote la LibreOffice lililo wazi linapaswa kufungwa kwanza, la sivyo kitufe kinaweza kubofywa na PDF isitokee. Tangu nilipokimaliza kitufe hiki, mwanafunzi wa Maseno anayekuja na sura zote za tasnifu yake katika faili mbalimbali hutiwa faili zake alama kwa pamoja na kugeuziwa kwa mbofyo mmoja.

Kisha kuna vitufe vya flashi. Anayefanya kazi ya saiba anaijua ile virusi inayozificha folda za mteja na kumwachia njia za mkato zenye majina yale yale, mteja akaamini kwamba kazi yake yote imepotea. Nina vitufe vitatu kwa ajili yake, vilivyopangwa kwa kufuatana. Cha kwanza hakihitaji programu ya nje: katika uga wa amri niliandika cm_SwitchHidSys, mojawapo ya amri za ndani za Total Commander, ambayo huonyesha faili zilizofichwa na kuzificha tena ukibofya mara ya pili. Cha pili huiita Microsoft Defender (zamani Windows Defender), kinga ya virusi inayokuja na Windows, kwa faili ya MpCmdRun.exe na vigezo -Scan -ScanType 3 -File %P, ili ikague folda iliyo wazi peke yake bila kuizungukia kompyuta nzima. Cha tatu huziondolea folda hizo sifa ya kufichwa kwa kuiita cmd.exe na vigezo hivi:

?/k attrib -h -s -r /s /d %P*.*

Siku nilipokuwa nikimwonyesha kijana vitufe hivi aliniuliza, «Mwalimu, hicho kiulizo cha mwanzoni kina kazi gani?» Nilimjibu kwamba ndicho mlinzi wa kitufe. Kiulizo kikiwa cha kwanza katika uga wa vigezo, Total Commander haiendeshi amri mara moja, bali huonyesha kwanza vigezo vyote vikiwa vimekwisha kujazwa anwani halisi, na kungoja ukubali. Amri ya attrib ikiendeshwa kwenye flashi ni tiba, lakini ikiendeshwa kwenye diski C itazigusa faili za mfumo ambazo zilifichwa kwa makusudi. Kwa hiyo anayebofya lazima aione herufi ya diski kwa macho yake kwanza. Ningeshauri kiulizo kiwekwe kwenye kila kitufe kinachofuta au kubadili kitu ambacho hakirudishiki kwa urahisi.

Kuhusu mpangilio sina mengi. Vitufe vimefuata mkondo wa kazi kutoka kushoto kwenda kulia: folda, picha, PDF, flashi, na kati ya kundi na kundi kuna kitenganishi. Vile vinavyohitajika kwa msimu niliviweka kwenye upau mdogo unaofunguka kwa kitufe kimoja, na humo ndimo zilimo kazi za marejesho ya kodi, ambazo hutujia kwa wingi kabla ya tarehe 30 Juni. Maelezo ya vitufe vyote niliyaandika kwa Kiswahili, «Punguza picha», «Geuza iwe PDF», «Kagua flashi», maana aikoni peke yake haimwambii mgeni lolote. Kijana alitaka yawe kwa Kidholuo, nami sikuwa na pingamizi kubwa, ila nina msaidizi mwingine anayetoka Kakamega na hakijui Kidholuo.

Kuuhamishia upau huu kwenye kompyuta nyingine za saiba kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Upau wote umeandikwa kwenye faili moja ya maandishi ya kawaida, inayoitwa default.bar, ambayo unaweza kuifungua kwa Notepad na kusoma kila kitufe na vigezo vyake. Niliinakili, nikaiweka kwenye kila kompyuta mahali pake, na upau ukatokea mzima. Unaweza pia kubofya kitufe kimoja kwa upande wa kulia wa kipanya, ukakinakili na kukibandika kwenye upau mwingine. Ili anwani zisipotee, programu ndogo ambazo hazihitaji kusakinishwa nimeziweka katika folda iliyo ndani ya folda ya Total Commander, na katika vitufe vyake nimeandika %COMMANDER_PATH% badala ya anwani kamili; popote Total Commander ilipo, hata kwenye flashi ambayo herufi yake hubadilika kila inapochomekwa, vitufe hivyo huzipata programu zake. Programu kubwa kama LibreOffice haziwezi kufuata utaratibu huo, kwa hiyo nimehakikisha zimesakinishwa kwenye anwani moja katika kompyuta zote, na kompyuta mpya ikiingia, hilo ndilo tunalolikagua kabla ya kuunakili upau.