Karatasi inayostahimili kufutwa

Mwaka jana nilianza kuchora hadithi ya picha kuhusu wapagazi wa Tendaguru, kilima kilichoko mkoani Lindi, wale waliobeba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kwa miguu mpaka bandarini Lindi kati ya 1909 na 1913. Mimi ni mzaliwa wa Lindi mjini. Mjusi mwenyewe yuko Berlin, kasimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, na wageni wanampiga picha kila siku. Wazee wetu waliomchimba na kumbeba, wengi hatuzijui hata sura zao. Nilitaka wawe na sura.

Kurasa za kwanza nilizichorea kwenye karatasi za kawaida za fotokopi, zile za gramu 80. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua haijakatika, na upepo wa bahari unaingia dirishani na unyevu wake. Karatasi ikishanyonya unyevu inalegea. Penseli ngumu ya 2H, badala ya kuacha mstari, inachimba mfereji. Ukifuta, risasi inatoka lakini mfereji unabaki, na wino ukipita juu yake unauona. Penseli laini ya 2B nayo inapaka weusi kila kiganja chenye jasho kinapopita. Kichwa cha mpagazi mmoja nilikifuta mara tatu. Mara ya nne nyuzi za karatasi zikainuka kama manyoya ya kifaranga, kisha pakatoboka.

Nikaenda dukani kuulizia karatasi nzito. Muuza duka akaniambia, "Kaka, chukua manila. Watoto wa shule wanachorea ramani, wanafuta mpaka mwalimu anachoka." Nilichukua mbili nyeupe, nikamwomba asizikunje wala kuzikaza kwa raba, kwa sababu manila ikishakariri umbo la mviringo hailali tena kwa urahisi. Nyumbani nilizikata kwa wembe na rula ya chuma, kila kipande saizi ya A3, nikazilaza ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro. Ninatoa kipande kimoja tu, kile ninachokifanyia kazi siku hiyo. Kabla ya kuanza ninapapasa pande zote mbili: upande laini ndio wa kuchorea.

A3 niliichagua kwa sababu fotokopi za mjini zinaipunguza hadi A4 kwa asilimia 71, na makosa madogo ya mkono yanajificha. Ila mistari nayo inakonda, kwa hiyo kope na kucha za watu wa mbali siku hizi sizigusi kabisa.

Kwenye penseli nimetulia na HB. Ninaanza kwa mkono mwepesi, nimeishika mbali na ncha, natafuta mwili umeegemea wapi, uso baadaye. Chini ya kiganja naweka kipande cha karatasi safi. Penseli naichonga kwa wembe ncha iwe ndefu, maana vichongeo vingi vya bei rahisi vinavunja risasi ndani kwa ndani.

Kitu kingine nilichojifunza kwa shida ni viputo vya maneno. Kiswahili chetu kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. Mpagazi akisema "Hatutazifikisha," tayari mstari umejaa. Zamani nilichora watu kwanza, halafu maneno nikayabana juu ya vichwa vyao. Sasa naandika maneno kwa penseli kabla ya kitu chochote, nazungushia kiputo, na watu wanakaa panapobaki.

Ukurasa wa nne, wenye msafara wa wapagazi sita, nilipoumaliza nilimpelekea babu. Aliuweka mapajani, akautazama kimya muda mrefu.

"Mjukuu wangu, hawa wamebeba nini? Pamba?"

"Mifupa, babu. Imekuwa mawe."

"Basi mbona shingo zimelegea? Na kata ziko wapi?"

Akainuka, akachukua kanga ya bibi, akaisokota mviringo, akaiweka kichwani. Juu yake akapandisha ndoo ya maji. Shingo ikasimama wima, kidevu kikaingia ndani, mabega yakashuka, magoti yakalegea kidogo, na mkono mmoja ukapanda kushika ukingo wa ndoo. Macho yalitazama hatua chache mbele ya miguu yake. Nilichora haraka nyuma ya daftari, akanizungukia ua mara mbili ili nimwone ubavuni na mgongoni. Bibi akapiga kelele kwamba ataanguka, babu hakujibu. Alikuwa anatembea.

Jioni nilifuta vichwa vyote sita, shingo na mabega. Manila ilivumilia. Kivuli cha mistari ya zamani kilibaki kidogo, lakini uso wa karatasi ulikuwa laini vilevile nilipoupitisha kidole. Nikaanza na kata, sita, kila moja na msokoto wake, kisha vichwa vikaja chini yake.