Ninavyoikagua heparini ya sindano kwa NMR

Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, inaweza kufaulu kipimo cha kuganda kwa damu na bado ikawa chafu. Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka 2008: dawa iliyotiwa kondroitini salfeti yenye salfeti ya ziada, kwa kifupi OSCS, ilipita vipimo vya wakati huo kwa sababu OSCS nayo huzuia damu isigande. Ndiyo maana naangalia molekuli zenyewe kwa NMR ya protoni, mashine ya sumaku inayoonyesha hidrojeni za molekuli kama vilele kwenye mchoro uitwao spektra.

Kazi kubwa iko kabla ya mashine. Dawa ya chupa ina chumvi, na mara nyingi benzili alkoholi kama kihifadhi, ambayo vilele vyake karibu na 7.4 ppm (ppm ni kipimo cha mahali kilele kilipo) hutawala spektra nzima. Nachukua mililita 1 ya dawa yenye uniti 5,000 (heparini ni takriban miligramu 25 hadi 28), naichuja kwa sentrifuji kwenye kichujio cha kilodaltoni 3 kinachopitisha molekuli ndogo na kubakiza heparini, nasuuza kwa maji safi mara tatu, kisha naikausha kwa kugandisha. Enoksaparini, aina ya heparini iliyokatwa vipande vifupi, usiipitishe hapo: minyororo yake mingi ni mifupi, itapenya, na utabaki kupima masalia.

Miligramu 20 za unga naziyeyusha katika maji mazito (yenye deuteri badala ya hidrojeni ya kawaida), nakausha tena ili kupunguza kilele cha maji karibu na 4.8, halafu nayeyusha katika mililita 0.7 ya maji mazito yenye TSP, kemikali ambayo kilele chake nakihesabu kama sifuri. Kalsiamu husogeza vilele. EDTA kidogo, kemikali inayoshika metali, huifunga, na vilele vya EDTA haviko kwenye eneo ninalolitaka.

Eneo hilo ni la metili za asetili, vikundi vidogo vya CH3 kwenye molekuli hizi. Heparini hukaa 2.04, dermatani salfeti (uchafu mwingine unaofanana na heparini) 2.08, OSCS 2.15. Mtego uko hapa: kilele cha heparini kina vivuli viwili, yaani vilele vidogo vya pembeni vinavyoletwa na kaboni-13, kila kimoja kama asilimia 0.5 yake, na kwenye mashine ya 600 MHz kimoja huangukia karibu kabisa na 2.15. Watu wameshalaumu dawa safi kwa hili. Tazama upande wa pili, karibu na 1.93: kukiwa na pacha wa kimo kilekile, ni kivuli. Kuondoa mshikamano wa kaboni, yaani kuzima athari ya kaboni-13, wakati wa kurekodi hukifuta kabisa. Mashine ya 400 MHz hukipeleka 2.20, ila vilele vyenyewe huwa havitengani vizuri.

Shaka ikibaki, natia OSCS ya rejea kidogo kwenye mrija uleule na kurekodi upya. Kilele kikirefuka palepale, ndiyo yenyewe. Kikiota bega, hicho ni kitu kingine.