Mashine ndogo kwa ajili ya fimbo za Mount Gelai

Jumapili, usiku

Baada ya miezi kadhaa ya kusitasita, leo nimekata shauri kuhusu mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC. Kinachonisukuma ni injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Ni ya daraja la 59, iliyoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, yenye uzito wa tani 252 hivi. Ninaiunda upya kwa kipimo cha 1:87, ambacho hulifanya gurudumu la kuendeshea lenye kipenyo cha milimita 1,372 libaki chini ya milimita 16, na kichwa cha bolti cha sentimita 4 kibaki kama nusu milimita. Fimbo zinazounganisha magurudumu nimezichonga kwa tupa mara mbili, na mara zote mbili matundu ya upande wa kushoto hayakulingana na ya kulia, hivyo magurudumu yakawa yanakwama katika kila mzunguko.

Mwanzoni nilitazama ukubwa wa meza kuliko kitu kingine chochote, nikavutiwa na mashine za fremu ya alumini zenye eneo la kazi la sentimita 30 kwa 18. Rafiki yangu aliniazima moja ya aina hiyo, nami nikavunja visu vitano vya nusu milimita kabla sijamaliza fimbo moja. Nilidhani ninaiharakisha, nikapunguza mwendo wa meza, vikaendelea kuvunjika. Hatimaye niliegemeza ncha ya geji ya saa, kifaa cha kupimia misogeo midogo sana, kwenye shina la kisu, nikazungusha spindeli, yaani mhimili unaoshika kisu, kwa kidole, polepole. Sindano ilitoka kwenye sifuri, ikapanda mistari minne, ambayo ni sehemu nne za mia za milimita, kisha ikarudi. Kisu cha ukubwa huo, chenye meno mawili, nilikuwa nimekipangia kula maikroni 5 tu (sehemu tano za elfu za milimita) za shaba ya njano kwa kila jino. Spindeli ikiyumba maikroni 40, jino moja hubeba mzigo wote huku lingine likipita hewani, na shingo nyembamba kama sindano ya kushonea haiwezi kustahimili hali hiyo.

Tangu siku hiyo, swali la kwanza ninalouliza kuhusu mashine yoyote ni spindeli yake imenyooka kiasi gani, na la pili ni inazunguka kwa kasi gani. Sherline ya Marekani ni mashine ninayoiheshimu sana kwa uimara wake, ila spindeli yake ya kawaida hufikia mizunguko 2,800 kwa dakika, na kwa kasi hiyo kisu changu kingesonga milimita 28 tu kwa dakika. Kwa mizunguko 20,000 kingesonga milimita 200. Ndiyo maana nimechagua Proxxon MF 70, ambayo hufikia kasi hiyo, nami nitaifungia mwenyewe mota za stepa, zile zinazozunguka hatua kwa hatua kwa amri ya kompyuta. Meza yake husogea milimita 134 kwa 46, eneo ambalo wengi wangeliona dogo, lakini fimbo yangu ndefu kuliko zote haifiki sentimita 8.

Skrubu zake husogeza meza milimita 1 kwa mzunguko, na mota yenye hatua 200 hunipa maikroni 5 kwa kila hatua. Ulegevu wa nati, ule ambao mafundi huuita mchezo, hauondoki kwa kukaza reli za meza, hivyo matundu yote nitayafikia kutoka upande mmoja ili mchezo huo usiyahamishe.

Kipande cha alumini cha kulalia kazi tayari nimekikata. Mashine ikifika, nitakifunga mezani na kukisawazisha kwa kisu chake yenyewe, kisha nigandishe juu yake, kwa gundi ya haraka, mabati mawili ya shaba yaliyolaliana, ili fimbo ya kushoto na ya kulia zitobolewe kwa mshuko mmoja.