Skridi juu ya mabomba ya joto: nilivyochagua

Nyumba yetu iko Leicester, Uingereza, na sakafu ya chini ilikuwa barafu tupu, kwa hiyo tuliamua kutandika mabomba ya maji moto na kuyafunika kwa skridi, yaani tabaka la kusawazisha sakafu. Shida ilikuwa kimo: kutoka zege hadi usawa wa mlango nilikuwa na milimita 165 tu. Mabamba ya kuzuia joto yalichukua 100, marumaru na gundi 15. Zikabaki 50 za skridi.

Fundi alitaka skridi ya mchanga na saruji. Ni imara, lakini ikilazwa juu ya mabamba nyumbani, bila kushikana na zege, huhitaji angalau milimita 65. Akashauri tupunguze mabamba. Nilikataa katakata, joto linalopotelea ardhini hulipii mara moja, unalilipia kila baridi.

Nikachagua skridi ya majimaji ya jasi. Inatosha ikiwa 50, mradi juu ya bomba zibaki angalau 30. Mabomba yangu ni ya milimita 16. Tena skridi hii hujipenyeza vizuri kuyazunguka, na joto hupanda haraka.

Kazi kubwa ni kabla ya kumimina. Kila kiungo cha nailoni inayotandazwa juu ya mabamba kifungwe kwa utepe, maana skridi ikivuja chini, mabamba yataelea. Mabomba yajazwe maji yenye presha, na ukingo wa sponji uzunguke kuta zote.

Skridi hii hukauka kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo usiharakishe marumaru. Tulisugua utando wa juu, tukapima unyevu, tukapaka praima, rangi ya kwanza ya kuvitenganisha, kwani gundi ya saruji na jasi hazipatani. Bafuni, penye maji, tuliweka skridi ya saruji.